Kifua Kilichopimwa kwa Uwele

Daktari aliniuliza mimi, akajibu mume wangu.

"Tunataka hiki," alisema, na kidole chake kikatua juu ya kifuko cha pili kwa ukubwa.

Vilikuwa vifuko vya silikoni vya kujaribia tu, vimepangwa kwenye trei kuanzia kidogo hadi kikubwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, nimevaa sidiria niliyopewa na nesi na fulana nyembamba juu yake, huku daktari akiingiza hiki na kutoa kile. Mume wangu alikaa nyuma yangu, jicho moja kalifumba, kichwa kakiinamisha upande. Yeye ni mpima ardhi. Viwanja vingi vya Miyuji na vya huku kwetu Nkuhungu amevichomekea bikoni za mipaka yeye, na hivyo ndivyo anavyotazama kila kitu, hata picha za ukutani, hata mkeka kabla hajaukalia.

"Kushoto bado hakujawa levo, daktari. Ongeza kidogo."

Daktari akaongeza. Nilijitazama kwenye kioo nikaona kifua cha mtu mwingine kimebandikwa chini ya uso wangu. Nilitaka kusema kitu, lakini wanaume wawili walikuwa wamezama kazini, na mimi nimelelewa kutokatiza watu wakiwa kazini.

Niseme mapema kwamba sikuburuzwa. Titi langu la kushoto liliondolewa kwa sababu ya saratani, na nilipopona niliishi kwa kuchomeka kipande cha sponji kwenye sidiria. Jumapili moja tulikuwa tunaimba kwaya, wimbo wenyewe wa kuinua mikono, nami nikainua kwa imani yangu yote. Sponji ikapanda hadi karibu na bega. Mwenzangu wa sauti ya kwanza akaiona, akaanza kukohoa ili asicheke, na safu nzima ikaambukizwa kile kikohozi. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba nataka kutengenezwa titi jipya. Ndiyo maana baadaye nilikosa pa kutokea. Mtu aliyebebwa anaweza kupiga kelele ashushwe, lakini mimi nilikwenda kwa miguu yangu.

Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Furaha yake iliniuma, na sikumwambia. Tangu bandeji ilipotolewa alikuwa hajawahi kutazama upande ule. Akinipa taulo, alinipa huku uso kaugeuzia dirishani. Tukilala, mkono wake ulijua njia ya upande wa kulia tu. Hakuwa mkorofi, hakuwahi kunisema vibaya, na wanawake wenzangu walioachwa kwa ugonjwa kama wangu waliniambia nina bahati. Kwa hiyo nilikuwa na bahati, na nililala na bahati yangu nimetazama ukuta.

Siku ile ya vifuko daktari alitupa kazi ya nyumbani. Alikuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alisema kioo hudanganya, na kwamba mtu anapaswa kuuishi ukubwa kabla ya kuuchagua. Tuchukue soksi ndefu za nailoni, tujaze nafaka kwa kipimo cha mililita, tufunge, nivae ndani ya sidiria wiki nzima. Mchele unafaa sana, alisema, ila nafaka yoyote haina neno.

Nyumbani mchele ulikuwa umeisha. Kulikuwa na uwele, kwa sababu mama yangu alikuwa amekuja kutoka Buigiri kutusalimia na kamwe haji mikono mitupu. Mume wangu alitoa jagi langu la jikoni lenye alama, akaliweka mezani, akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na mstari. Alimimina, akapunguza punje chache, akamimina tena. Soksi ya kushoto ikajazwa uwele mwingi, ya kulia kidogo, kwa kuwa huko bado nilikuwa na la kwangu.

Mama alikuwa mlangoni akitazama chakula chake kikiingia kwenye soksi.

"Huo uwele mnaupeleka wapi?"

"Kifuani, mama," mume wangu alimjibu kwa heshima zote. "Ni maelekezo ya daktari."

Nilitegemea mama atacheka, nami nicheke, mambo yaishe. Badala yake alinifuata chumbani, akanisaidia kufunga ndoana za sidiria mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mwenzio amekuvumilia. Mfurahishe."

Nikavaa. Niliuvaa uwele ofisini Mtumba, ninakofanya kazi masijala, nikainama na kuinuka na mafaili. Niliuvaa sokoni, niliuvaa jikoni. Uwele ni mzito kuliko unavyouona kwenye ungo, na kwa jua la Dodoma unapata joto na kuanza kunukia kama debe la nafaka lililoachwa nje. Watu walinisifu. Bosi wangu alisema siku hizi nimerudisha mwili. Wifi yangu, dada wa mume wangu tunayeishi naye, alinizunguka mara mbili na kusema, "Wifi, hapo sasa! Yaani mimi ningekuwa wewe ningeongeza kikombe kimoja." Kila sifa ilikaza kamba. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aniulize, vipi, unaumia mabega? Nilikuwa naumia mabega.

Soksi ya kushoto ilipasuka siku ninafagia uani. Sikujua. Niliona tu kuku wananifuata, kwanza wawili, halafu banda zima, wananidonoa miguuni, na jogoo kabisa amepanda juu ya kandambili yangu. Nilipoangalia chini nikakuta ninavuja. Hapo nilicheka hadi nikakaa chini vumbini, na mama akatoka, naye akacheka, na kwa dakika zile nilikuwa mtu huru. Kisha mume wangu akarudi kazini na kunishonea soksi nyingine, ya vitambaa viwili.

Tuliporudi kwa daktari mume wangu alisema kipimo kimekubali. Daktari akageuza kiti kunielekea na kueleza lililobaki. Kifuko cha silikoni, alisema, husimama. La kulia lilishanyonyesha watoto watatu, limeshuka, na hiyo ni kawaida kabisa. Sasa kwa ukubwa tuliouchagua, ili yalingane, itabidi na la kulia lipasuliwe, lipandishwe, liongezewe kifuko kidogo. Chuchu ingehamishwa juu.

"Na hisia?" niliuliza.

"Kwa wengine hurudi, mama. Kwa wengine hupungua. Wapo ambao hupotea. Siwezi kukuahidi."

"Hilo ni dogo, daktari," mume wangu alisema. "La muhimu yalingane."

Lazima nieleze kwa nini halikuwa dogo. Upande wangu wa kushoto, tangu upasuaji, ni ngozi isiyosikia. Niliwahi kujimwagia chai pale nikiwa nasoma ujumbe kwenye simu, nikajua nimeungua baada ya kuona mvuke ukitoka kwenye blauzi. Upepo wa Julai unapovuma kutoka huko vilimani na watu wote wanajikunyata, mimi hujikunyata upande mmoja. Kilichobaki kinachosikia ni kulia. Kulia nasikia maji ya kuoga, nasikia kichwa cha mtoto wangu wa mwisho anapojisahau kwamba amekua na kuja kuniegemea. Na nasikia mkono wa mume wangu, ambaye nampenda, hata kwa hasira hii ninayoandika nayo.

Nilifungua mdomo niyaseme hayo. Nikasema, "Sawa."

Jamani, ningesemaje? Likizo ilishakubaliwa. Wifi alishapanga atakavyowaangalia watoto. Mama, aliyekuwa amesharudi Buigiri, alishaweka jina langu kwenye maombi ya mtaa wao wote, na alipokuwa akipiga simu aliongea kwa sauti ya mtu ambaye ombi lake limejibiwa. Mume wangu alipaka rangi chumba chetu cha kulala, rangi ya maziwa, akiwa juu ya ngazi anapiga mluzi. Nilikuwa nakaa kitandani namtazama anavyohakikisha mstari wa dari umenyooka. Watu wakorofi ungeweza kuwakatalia. Mimi nilizingirwa na watu wema, na wote walikuwa wamefurahi kwa sababu yangu.

Asubuhi ya upasuaji nesi alinivalisha gauni la hospitali na kuniacha kwenye chumba kidogo chenye kitanda na kioo. Daktari akaingia na kalamu ya wino wa zambarau. Alinieleza kwamba atanichora nikiwa nimesimama, kwa kuwa nikilala kila kitu hubadilika, na mistari ndiyo itakayomwongoza. Mume wangu aliruhusiwa kukaa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

Daktari alianza kushoto. Nilimwona kwenye kioo akichora nusu duara chini ya kovu, mstari mmoja wa kushuka, na nukta tatu. Kalamu ilikwenda na kurudi juu ya mwili wangu na sikusikia chochote. Ningefumba macho ningedhani bado hajaanza.

Kisha kalamu ikavuka katikati ya kifua ikaingia kulia. Ilikuwa baridi. Ncha yake ilinikwaruza kidogo, na ngozi yote ikasimama vinyweleo hadi shingoni.

"Huku usichore," nikasema.

Daktari akainua mkono. "Nimekuumiza, mama?"

"Hapana. Huku usichore kabisa. Usipapasue."

Mume wangu akainuka kitini. "Mama watoto, hofu ni kawaida. Tulishakubaliana."

"Ulikubaliana na jagi."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nesi alichungulia mlangoni. Daktari akafunika kalamu yake, akasema taratibu kwamba likiachwa la kulia yeye anaweza kutengeneza la kushoto peke yake, dogo, ila hayatalingana hata siku moja, na ni haki yetu kulijua hilo sasa.

"Unasikia?" mume wangu alisema. "Hayatalingana."

"Kushoto sisikii kitu," nikamwambia. Gauni lilikuwa limefunguka, nimejaa wino, wala sikujifunika. "Amechora pale upande mzima, sikusikia. Hili moja ndilo linalosikia. Mkono wako nausikia hapa tu, baba watoto. Wakikata hapa na hapa pakafa, utakuwa unamshika nani?"

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechimba msingi wa nyumba akakuta kuna kaburi.

"Hukuwahi kuniambia," alisema mwishowe.

"Hukuwahi kuniuliza. Ulipima."

Daktari alisema leo hatapasua mtu. Aliniambia nirudi nikiwa na jibu langu, au nisirudi, yote ni sawa kwake. Nikavaa nguo zangu juu ya ile mistari.

Tukarudi Nkuhungu. Wifi alikuwa keshapika uji wa mgonjwa na kutandika shuka safi, na alipotuona tunashuka kwenye gari kwa miguu yetu alishika kichwa. Nikamwambia hawakunifanyia. Akauliza kuna nini, nikamwambia nina njaa. Nikala uji wa mgonjwa wote. Simu ya mama iliita ikaita, nikaiacha, maana nilijua hapo ndipo penye kazi kubwa, na ile kamba ya watu wema bado ilikuwa shingoni mwangu.

Niliingia chumbani kwenye rangi ya maziwa nikavua blauzi nijisugue. Wino ule ni mbishi. Nilikuwa nasugua mbele ya kioo cha kabati, ngozi imewiva, wino haujatikisika, mume wangu alipoingia na beseni la maji ya moto na kitambaa. Sikujifunika, na yeye hakugeukia dirishani.

"Kaa," alisema.

Nikakaa kitandani. Akapiga magoti sakafuni, akakamua kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu bandeji ilipotolewa akaweka mkono wake upande wangu wa kushoto, juu ya kovu. Niliuona mkono. Sikuusikia.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

Akasogea kidole kimoja. "Hapa?"

"Sisikii."

Alikwenda hivyo hivyo, polepole, akifuata kovu kutoka kwapani kuja katikati, akisimama, akiuliza, akingoja jibu kabla hajasogea tena. Maji yalikuwa yanapoa kwenye beseni. Nilianza kulia nikiwa bado najibu, sisikii, sisikii, naye hakuniambia ninyamaze.

"Hapa?"

Kilikuwa kidole chake cha shahada, kigumu, chenye sugu, kimelowa maji ya uvuguvugu.

"Hapo," nikasema.

Akakiacha pale pale, akakitazama kifua changu chote, kwa macho yake yote mawili.