Kinga Isiyoshika Ukuta

Niliporudi Mji wa Kale na shahada ya biokemia, nilipata kazi katika maabara ndogo ya kupima damu, Ganjoni. Mwalimu wangu wa chuo alinitumia nakala ya makala moja, nami nikawa naisoma kila jioni peke yangu. Sikuwa na mtu wa kuizungumza naye.

Ilihusu kimeng'enya kinachotukinga na oksijeni haribifu. Makao yake ni kwenye kuta za mishipa, kama rangi inayokinga vyuma vya dirisha visiliwe na chumvi ya bahari. Lakini wako watu ambao herufi moja ya jeni imebadilika, na ile ncha ambayo kimeng'enya hushikia ukuta imelegea. Kazi yake bado kinaiweza; kinachokosa ni mshiko. Kinaachia, kinaelea kwenye damu. Ukimpima mtu huyo utadhani ana kinga tele, kumbe rangi imebaki koponi.

Baba alikufa kwa moyo, na kaka yake mkubwa vilevile, wote wakiwa watu wa makamo. Makala haikusema kwamba badiliko hilo linaua. Niliunganisha mwenyewe, usiku na mchana.

Na nyumbani walikuwa wakingoja neno langu juu ya kumwoa binti ami, niliyempenda tangu utotoni bila kumwambia.

Ami, mdogo wa baba aliyebaki hai, alipokuja kutaka jibu, mama alileta kahawa na visheti. Ningesema naam tu, yakaisha. Badala yake nikaeleza habari ya jeni, nikaomba tungoje mpaka nipate maabara ya ng'ambo itakayotupima sote wawili, kwa ajili ya watoto. Ami alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo umesoma miaka yote hiyo uje kutwambia damu yetu mbovu?"

"Sijasema hivyo, ami. Nasema sijui."

"Kama hujui, oa."

Nikatafuta maneno bora. Kabla sijayapata alikuwa ameshavaa viatu.

Binti ami aliolewa mtaa wa Tudor mwaka huohuo. Nilialikwa, nikala biriani, nikapeana mikono na ukoo mzima. Ami aliniuliza habari za kazi. Nikasema njema.

Kesho yake, wenzangu walipotoka kula, nilijitoa damu, nikajaza kichupa. Mashine ya kukipima kimeng'enya kile hatukuwa nayo, na nililijua hilo kabla ya kushika sindano. Nilikitazama kichupa, kisha nikaimwaga damu na kukiosha.