Audit tool ilinionya kuhusu script mbovu, nikaidharau. Mama wa Idsowe akapoteza mahindi

Wakuu, salamu kutoka Garsen. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi, hata pale ninapoonekana mjinga.

Kazi yangu ni kutengeneza website. Nina kiduka hapa mjini, laptop moja na feni.

Mwaka jana kikundi kimoja cha wakulima na wafugaji kiliniomba niwafanyie website ndogo ya kuonyesha hali ya mto. Katibu wao ni Bi Hadija, mama wa Kiorma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Pale kijijini Ngao kuna mzee anaitwa Komora. Kila asubuhi anaangalia mti wenye alama uliosimamishwa mtoni, kisha anatuma kwa simu: maji yako chini, kawaida, au yamepanda.

Script, yaani programu ndogo ndani ya page, inachukua ujumbe wake na kuuweka juu kabisa kwenye page. Mkulima akiona yamepanda, anavuna haraka. Mfugaji anahamisha mifugo.

Basi. Jumatatu moja nilifanya update ya plugin inayounganisha mafaili ili page iwe nyepesi. Nikafungua site kwenye laptop, iko sawa. Nikaendelea na mambo mengine.

Jumanne Bi Hadija akanitumia ripoti. Kuna jamaa yake alikuwa ameipitisha site kwenye audit tool, programu ya kukagua website. Nyekundu tupu! Broken JavaScript, broken CSS, yaani mafaili ya script na ya mwonekano yamevunjika, orodha ndefu.

Nikafungua tena kwenye laptop. Sawa kabisa. Nikamjibu, "Bi Hadija, hizi tool hulia ovyo. Usijali."

Ukweli ni kwamba sikufungua hata link moja kwenye ile orodha. Niliona kama mtu anakagua kazi yangu bila kuitwa, nikakasirika kidogo.

Alhamisi akapiga simu mama mmoja wa kijiji cha Idsowe, Mama Abio. Ana shamba karibu na mto.

"Fundi, ukurasa wenu umeharibika. Maandishi yamerundikana tu. Na juu panasema maji ni ya kawaida tangu juzi."

Nikamwambia azime simu, aiwashe, aangalie kama ana bundles. Akasema sawa, akakata.

Ijumaa asubuhi Bi Hadija akaingia dukani mwenyewe. Hakukaa. Aliweka simu yake mezani.

"Komora ametuma yamepanda tangu Jumanne. Hebu nisomee hapa."

Nikasoma. Hakuna rangi, menu imemwagika chini kama barua. Na juu imeandikwa: Maji ni ya kawaida.



Nikafungua site kwa incognito kwenye laptop, dirisha lisilotumia nakala zilizohifadhiwa. Nayo ikaja vilevile, uchi. Hapo ndipo nilipoichukua ile ripoti kwa heshima. Nikakopi link moja moja na kuibandika kwenye browser.

Zilikuwa za aina mbili. Nyingi zilifunguka vizuri tu. Hizo hazikuwa mbovu, ulinzi wa server ndio uliokuwa umeikatalia ile tool kuingia, ikaandika kwamba zimevunjika. Lakini mbili zilirudisha 404. Faili halipo.

Moja ni stylesheet, faili la rangi na mpangilio. Ya pili ndiyo script ya Komora.

Ilikuwa hivi. Baada ya update, plugin ilitengeneza mafaili mapya yenye majina mapya na kufuta ya zamani. Lakini page zilizohifadhiwa kwenye cache ya server ziliendelea kuita majina ya zamani. Laptop yangu ilikuwa bado na nakala za zamani, kwa hiyo mimi peke yangu niliona mambo mazuri.

Na lile neno kawaida? Mimi ndiye niliyeliandika siku ya kwanza, la kujaza nafasi tu. Script ikifa, linabaki hapo.

Nikafuta cache yote, nikaiondoa ile script kwenye mafaili yanayounganishwa. Bi Hadija akafungua kwa simu yake. Yamepanda. Kisha nikaondoa lile neno la kujaza nafasi, nikaandika: Habari ya leo haijapatikana, mpigie Komora. Na namba yake chini.

"Na yule mama wa Idsowe uliyemwambia azime simu? Amenieleza," Bi Hadija akauliza.

Sikumpigia. Nilichukua boda nikaenda.

Nilimkuta Mama Abio amekunja leso magotini, anavunja mahindi ndani ya maji. Upande wa chini wote ulikuwa umejaa maji. Mabichi, mengi yameshalala kwenye tope. Nikamweleza kosa lilikuwa langu, si la simu yake.



"Nilizima nikawasha mara tatu," akasema. "Nikajiambia labda mimi ndiye sijui kutumia."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko mahindi. Nilivua viatu nikaingia. Tulivunja mpaka jua likawa kali, tukaokoa upande wa juu. Wakati naondoka akanifungia mahindi manne kwenye mfuko. Nikakataa, akasema, "Chukua, mwanangu. Lakini siku nyingine nikikwambia kimeharibika, kwanza amini."

Nimejifunza hivi: tool inaweza kukosea, lakini fungua kila link kabla ya kusema imekosea. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine, si mashine yako iliyokuzoea. Na mahali ambapo script ikifa mtu anaweza kuumia, usiache neno la kumtuliza.

Wenye uzoefu na hizi plugin, nyinyi mnazipima vipi kabla ya update? Na kama kuna aliyewahi kumwambia mteja "ni simu yako" kumbe ni yeye, aje hapa tukae pamoja.