Fimbo ya Kupimia Dizeli

Jumanne ya tarehe kumi na nne Mei, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, lori aliloniachia marehemu mume wangu lilizimika kati ya Makutano ya Butiama na mji wa Bunda. Lilikuwa na magunia themanini ya mahindi nyuma na shemeji yangu kwenye kiti cha mbele. Magunia, angalau, yalikuwa na kazi ya kwenda kufanya sokoni Manyamanyama.

Shemeji huyo ni mdogo wa mume wangu. Nilipokataa kurithiwa naye, aliacha kunitaka mimi akaanza kulitaka lori, na sijawahi kuona mtu akihamisha mapenzi kwa haraka namna ile. Hoja yake ilikuwa moja, na aliirudia kila alipopewa chai: mwanamke hawezi kuelewana na injini. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumamosi ya wiki ile ile, tarehe kumi na nane, kuamua kama lori libaki kwangu au liende mikononi mwake. Ndiyo maana Jumatatu alipanda lori bila kualikwa, akisema ukoo umemtuma alikague. Ukoo haukuwa umemtuma. Nilimwacha apande kwa sababu niliona kubishana naye kungemfanya ajione mtu wa kubishana naye.

Lori lile lina umri mkubwa, na kipimo chake cha mafuta kiliacha kufanya kazi kabla sijajua kusoma. Mume wangu alichonga mti mnyoofu wenye mikato kumi, akawa anauchovya kwenye tenki kila asubuhi. Sheria yake ilikuwa kwamba dizeli isishuke chini ya mkato wa kwanza, kwa kuwa chini ya hapo pana uchafu wa miaka yote. Mti ule ulilainika kwa mikono yake na ukashika weusi wa dizeli, ukang'aa kama kitu cha heshima.

Siku ya kumaliza matanga, wazee walipogawa vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka, kigoda na fimbo vilikuwa haki ya mdogo wake. Kigoda alikipata. Fimbo haikuonekana, maana mume wangu hakuwa na fimbo. Alikuwa dereva, si mchungaji. Shemeji akaenda kupekua nyuma ya kiti cha lori, akarudi ameinua ule mti wa dizeli kwa mikono miwili. Wazee wakaitikia. Mmoja alisema ni mkongojo wa zamani sana, huenda ulikuwa wa babu.

Ningeweza kusema. Sikusema. Nilikaa pale na nguo zangu za msiba, nikaona raha kumtazama akikabidhiwa kijiti cha tenki mbele ya watu hamsini, na raha ile niliibeba kwa mwaka mmoja na miezi minane. Aliutembeza kanisani na kwenye vikao, akinuka dizeli, na watu wakimpisha. Badala ya mti mimi nilinunua daftari, nikamwamuru dereva, aliyekuwa utingo wa marehemu, aandike kila kilomita. Kwa hesabu ya daftari nilijua kilichobaki kwenye tenki vizuri kuliko mti ulivyojua. Sikufikiria kuchonga mwingine. Nilijiona nimeshamaliza.

Basi Jumanne ile shemeji alinipigia simu.

"Shemeji, gari lako limekufa."

Lilipokuwa zima lilikuwa la ukoo.

"Limekufaje?"

"Limekohoa mara mbili, likanyamaza."

"Dizeli ipo?"

"Mimi nakwambia injini, wewe unaniletea habari za dizeli! Dizeli tumeweka, lita kumi, nimenunua hapa kwa kijana wa chupa. Na bado haliwaki. Kwa hiyo si dizeli."

Nyuma yake nilimsikia dereva akisema, "Mama, mimi nadhani..." kisha sauti ya shemeji: "Wewe nyamaza!"

Nilichukua dumu la dizeli la lita ishirini, filta mpya, spana mbili na kitabu cha lori, nikapanda pikipiki. Kitabu hicho kina kisa chake. Niliolewa nikiwa nimeishia darasa la tatu. Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na sita, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka arobaini na miwili, katika chumba kimoja na watoto walionipa shikamoo kabla ya kila somo. Kitabu cha lori kilikuwa cha Kiingereza, kimekaa kwenye droo tangu lori liliponunuliwa, na hakuna mwanamume yeyote katika ukoo ule aliyewahi kukifungua. Mimi nilikisoma chote kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu tu kilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Nilifika saa sita na robo. Matawi yalikuwa yametandazwa barabarani mbele na nyuma ya lori, dereva ameketi kwenye nyasi, na shemeji amesimama na mti wake kama askari wa lango. Pamoja naye alikuwepo fundi wa pikipiki ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba ni wa ukoo wetu.

"Pampu imekufa, mama," fundi alisema, akifuta mikono iliyokuwa safi. "Hii inashushwa, inapelekwa Mwanza. Wiki mbili, tatu."

Wiki mbili zingevuka Jumamosi. Shemeji alitazama barabara, akijitahidi kuonyesha huzuni.

"Mmepiga stata mara ngapi?" niliuliza.

"Mpaka ikachoka," dereva alijibu. "Betri imebaki kidogo sana, mama."

"Na jana mlikwenda wapi ambako daftari halina?"

Dereva akatazama viatu vyake. "Tulifikaga Bugwema. Mzee alikuwa na mazungumzo ya dume la ng'ombe. Aliniambia nisiandike."

"Ilikuwa safari ya ukaguzi!" shemeji alisema.

Nilimnyooshea mkono. "Niazime huo mti."

"Upi?"

"Huo ulioushika. Nataka kupima tenki."

Alirudi hatua nzima nyuma. "Fimbo ya marehemu? Uitumbukize kwenye mafuta? Shemeji, una akili wewe?"

Dereva alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Mzee, lakini hiyo si ndiyo ya kupimia? Marehemu alikuwaga anaichovya kila asubuhi. Hiyo mikato uliifikiria ni ya nini?"

Shemeji aliinama kuitazama mikato ile. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuitazama. Nilikuwa nimeisubiri sura ile kwa mwaka mmoja na miezi minane, na ninakiri kwamba ilipokuja haikuwa na utamu niliouwekea akiba. Mahindi yalikuwa juani, na kwa kunyamaza kwangu siku ya matanga nilikuwa nimechangia kuyaweka pale. Nilimwambia tu, "Lete."

Alileta. Mti ulitoka umelowa chini ya mkato wa kwanza, na ncha yake ilikuwa na tope. Nikawaeleza kwa ufupi, kama ninavyowaeleza watu ambao sitarajii waelewe. Dizeli ilikwisha, injini ikavuta hewa na uchafu. Kumwaga lita kumi juu ya hewa hakuiondoi hewa; imekaa ndani ya mirija, na pampu haisukumi kitu. Pampu haijafa. Inangoja mtu.

"Kitabu kimesema hivyo?" fundi aliuliza.

"Kimesema tangu siku lilipotoka kiwandani."

Tulimimina dumu langu. Filta ya zamani tulipoifungua ilimwaga maji meusi kama ya kuoshea masufuria. Nikafunga mpya. Nikalegeza skrubu ya juu ya filta, nikamweka dereva kwenye pampu ya mkono, naye akasukuma. Mwanzo ilitoka pumzi tupu, kisha mapovu, kisha mapovu na dizeli. Shemeji alisema, "Imejaa sasa, funga." Sikufunga. Kitabu kinataka dizeli itoke bila povu hata moja, na mimi nilimfanya dereva asukume mpaka jasho likamdondoka kidevuni na dizeli ikatoka nyoofu. Hapo nikakaza. Tukafanya hivyo hivyo kwenye pampu kubwa.

Zilibaki nozeli zinazorushia dizeli ndani ya injini, nazo hutolewa hewa injini ikizungushwa. Betri ilikuwa na nguvu ya kuzungusha mara mbili, labda tatu. Nilipanda juu ya bampa na gauni langu la kanisani, nikalegeza nati mbili za nozeli, nikapaza sauti, "Piga!" Dizeli ikatema. "Acha!" Nikakaza, nikalegeza mbili nyingine. "Piga!" Stata ilitoa mlio wa mtu anayekata tamaa, lakini mirija ikatema kidogo, na ilinitosha. Betri ikaishia hapo.

"Nilisema mimi," shemeji alisema kwa upole.

Lori lilikuwa limesimama kwenye mteremko, jambo ambalo wanaume watatu walikuwa wamelitazama tangu asubuhi bila kuliona. Nilimwambia dereva aweke gia ya pili, akanyage klachi, aondoe breki. Magunia themanini yakafanya kazi ya betri. Lori likajongea, likashika mwendo, dereva akaachia klachi. Likastuka, likatoa moshi mweupe, likakohoa kwa muda nisiopenda kuukumbuka, kisha likanguruma. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Mahindi yaliingia Manyamanyama kabla ya jioni. Shemeji alirudi Butiama kwa pikipiki ya fundi wake.

Jumamosi alikuja kikaoni mkono mtupu, akawaambia wazee kwamba lori lilisumbua kidogo Jumanne, "tukalirekebisha." Safari hii sikunyamaza. Niliomba nafasi kwa mwenyekiti, nikasimama, nikaeleza siku ile kwa saa zake, kuanzia Bugwema. Halafu nikamgeukia.

"Shemeji, waambie wazee. Hewa tuliitolea wapi?"

"Hayo ni mambo ya mafundi. Mimi nilikuwa msimamizi."

"Msimamizi wa matawi!" alidakia mama mmoja karibu na mlango, na kikao kikacheka, hata wazee waliokuwa wameshakula nyama ya shemeji asubuhi ile.

Uamuzi haukuchukua muda. Katibu, mwalimu mstaafu, aliandika na kusoma kwa sauti: lori libaki kwa mjane wa marehemu, kwa sasa.

"Futa hayo maneno mawili ya mwisho," nilimwambia.

"Mama, ni lugha ya kawaida ya mihtasari."

"Nimesoma mihtasari. Futa."

Alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dari. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka kalamu ilipopita juu ya maneno yale, kisha nikaandika pembeni tarehe na saa, nikasaini kwa jina langu kamili.