Vitunguu Saumu vya Asubuhi Ile

Asubuhi ya mwisho Pyo Deok-chil alikuwa sakafuni, anamenya vitunguu saumu vya kuchachushia kabichi za majira ya baridi. Mkewe, Ban Ok-rye, alikuwa kwenye piano, kampa mgongo. Miaka thelathini na minane hivyo hivyo.

Ok-rye alitunga muziki wa filamu. Pyo alikuwa fundi wa mabomba, darasa la muziki halijui. Lakini hakuna wimbo uliotoka nyumba ile ya Seoul bila kupita kwake. Akiacha kumenya, Ok-rye anafuta.

"Muziki wa filamu ukimgeuza mtu shingo, umemwibia hadithi," alizoea kusema. Kwa hiyo tungo zake zilikuwa chache sauti, nyingi kimya.

Siku ile alipiga, akageuka, akamwona mumewe anamenya. Akatia karatasi mkobani, akaenda kuzipeleka kwa mwongozaji wa filamu. Akiwa njiani kurudi, moyo ukamsimama kwenye ngazi za stesheni, akafa.

Siku ya arobaini na tisa tangu kifo, kama desturi yao, sadaka ya marehemu ilipokwisha, mwongozaji Maeng alibaki. Pombe hakuigusa.

"Kaka, ule wimbo wa mwisho. Unalia mwanzo hadi mwisho, kama mama muuza samaki. Huyo si Mwalimu, mkeo, niliyemjua. Alikupigia?"

Pyo alikuwa anamtazama midomo. "Alinipigia."

"Ukaendelea kumenya?"

"Nikaendelea."

"Basi nauacha ndani ya filamu. Watazamaji wakimzomea, wamzomee."

Pyo akashusha kikombe. "Usiuache kwa ajili yangu. Sikuusikia."

"Ulikuwa unawaza kabichi?"

"Masikio. Mwaka wa pili huu. Sauti nyembamba hazinifikii."

"Na Mwalimu hukumwambia? Mzee mzima!"

"Angejua, angeacha kunipigia."

Maeng akasema, taratibu, midomo ionekane: "Sasa niutoe, au niuache?"

"Sijui. Aliyejua tumemzika."

Maeng akavaa viatu, akaondoka.

Pyo akafunua piano. Akabonyeza kibao cha mwisho, upande wa sauti nyembamba. Kilishuka, kikapanda. Akabonyeza tena. Kidole tu ndicho kilichojua.

Asubuhi ile Ok-rye alikuwa amevaa koti tayari. Aliinama mbele yake, uso kwa uso, anacheka, na hilo Pyo alilisikia lote:

"Hukuinua hata kichwa, mzee wangu. Basi huu ndio bora kuliko zote nilizowahi kuandika."