Mtaalamu wa Leza Dirishani Kasulu

Tangu kambi zifunguliwe huku kwetu, kila anayefika dirishani anashukiwa kuwa mkimbizi. Wiki iliyopita nilipanga foleni katika ofisi moja Kasulu, nyuma ya bwana mwenye miwani aliyetaka barua ya utambulisho akaombee pasipoti. Maabara ya ng'ambo ilikuwa ikimsubiri.

"Kazi?" karani akauliza.

"Mtafiti wa fizikia, mhandisi wa leza. Tunaunda mitambo ya mwanga unaokata chuma."

Karani akaweka kalamu chini. "Mwanga ukate chuma? Unasema kwenu ni Kagerankanda, kijiji cha hapa; mtu wa huko hana kazi ya namna hiyo. Wewe umetoka kambini."

Bwana akatandaza vyeti vyake vyote. Karani akavisukuma kwa kiwiko bila kuvisoma.

Mara akaingia bibi mmoja, jirani wa zamani wa kwao yule bwana. Mtaalamu akageuka, akainama, akampigia makofi taratibu kwa adabu za Waha, wenyeji wa huku, huku akimuuliza hali ya nyumbani, ya wajukuu, ya ng'ombe na ya maharage. Karani akazisikiliza salamu mpaka zilipoisha.

"Kumbe wa kwetu," akasema, akagonga muhuri. Kwenye nafasi ya kazi akaandika: Mkulima. "Hiyo haitakusumbua mbele, ndugu yangu."

Miaka yote ya maabara haikumsaidia kitu. Kilichomwokoa ni makofi, ambayo hata hao wa kambini, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, wanayapiga vilevile.

Ikafika zamu yangu. "Kazi?"

Nimeandika magazetini miaka mingi. Nikamwambia aweke mkulima tu, tumalizane.