Jani la isale la Baraka

Jamani, leo nusura tufukuzwe gesti, na wa kulaumiwa ni babu wa Kibosho!

Tunaishi Ujerumani, ila wiki hii tumewaleta watoto kutembea Austria. Asubuhi Baraka wangu, wa miaka mitano, akavunja birika la bibi mwenye gesti. La urithi! Bibi akamfokea mpaka mdogo wake Baraka naye akaangua kilio.

Nikainama kuokota vigae. Kuinuka, Baraka hayupo.

Yuko mapokezi. Amenyofoa jani la ua la bibi kwenye chungu, amelipiga fundo, anampelekea kwa mikono miwili.

"Samahani, bibi."

Kwa Kiswahili, kama alivyofundishwa!

Uso wa bibi ukaiva. Birika, na sasa ua!

Nikalitazama lile ua vizuri. Kumbe ni isale, kama yale yanayozunguka kihamba, shamba la migomba la babu yake kule Kibosho, Kilimanjaro! Likizo iliyopita babu alimwambia: ukimkosea mtu, mpelekee jani la isale lililopigwa fundo. Mchagga hawezi kulikataa.

Nikamweleza bibi kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Akalipokea, akaingia ndani. Nikajua tumekwisha.

Tunapakia mizigo garini kabla hatujafukuzwa, huyo anakuja. Mkononi ana jani jingine, fundo lenyewe limelegea kama kamba ya kiatu cha mtoto. Akachuchumaa, akampa Baraka kwa mikono miwili.

"Na mimi nilikufokea," akamwambia.

Baraka akanigeukia: "Mama, kumbe naye Mchagga?"