Mvua Ilivyonifanya Mshenga wa Watu Nisiowajua

Hili jambo nimelificha mpaka nimechoka, maana kila nikipita sokoni Ujiji kuna mtu ananiita mshenga na wenzake wanacheka, kwa hiyo bora mlisikie kwangu niliyeaibika.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya hija parokiani kwetu, ile hija ya kwenda kwa miguu kando ya ziwa kuelekea Ilagala, na wiki nzima nilikuwa nawahubiria watu kwamba anayeogopa mvua abaki nyumbani. Wenzangu walikuja na mabuti na nailoni za kujifunika, mimi nikaja na koti la suti (mwenyekiti lazima aonekane kwenye picha). Mvua ilipotushukia njiani nikawaambia watangulie, nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Kando ya njia palikuwa na nyumba yenye turubai uani na harufu ya migebuka ya kukaanga, nikaona nijisitiri kidogo tu. Mzee mwenye nyumba akanitokea mbio na mwavuli, akauliza kama ni mvua iliyotuchelewesha, nikajibu ndiyo. Akauliza wenzangu wako wapi, nikajibu wako njiani. (Mpaka hapo sijasema uongo hata mmoja, naomba mzingatie.) Nikakalishwa kwenye kochi, nikaletewa taulo, chai ya maziwa, na sinia la wali na mgebuka mzima, nikawaza kwamba watu wa huku wanawapenda kweli mahujaji.

Nikiwa nahangaika na kichwa cha samaki, wazee wakakaa kunizunguka na mwenye nyumba akakohoa.

"Haya mzee, tuelezeni kilichowaleta."

"Mvua," nikasema.

Wakacheka mpaka wakagongeana viganja, mmoja akasema huyu mshenga anaijua kazi yake. Ndipo nikaelewa kwamba nimekula chakula cha posa ya watu.

Mwenye akili angeinuka pale pale. Mimi niliangalia mifupa kwenye sinia, nikaona haya, nikabaki. Wakaniuliza tabia za kijana wetu, nikasema ni mcha Mungu, mchapakazi, pombe hajawahi kuonja, na nilipoona wamefurahi nikaongeza kwamba hata soda anakunywa kwa nadra.

Kisha akaitwa binti anayeposwa, Editha, ili aulizwe mbele ya wote kama anamfahamu mgeni. Akanitazama kuanzia koti mpaka viatu.

"Simfahamu," akasema.

Mama yake akaanza kulia, shangazi akafoka kwamba mtoto anakataa mume hadharani, Editha anajitetea kwamba hajakataa mtu, ila huyu mzee hajawahi kumwona, na baba anasema kama ni hivyo posa imekufa, na mimi niliyepaswa kusema neno moja tu nimejaza wali mdomoni.

Hodi ikapigwa. Wakaingia washenga wenyewe wamelowa chapachapa, pamoja na kijana wao, na nyuma yao katekista wetu, aliyerudi kunitafuta akidhani nimesombwa na maji.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "kumbe uko huku unakula?"

Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, taulo lao begani. Ila kosa langu lilikuwa bado linatembea, maana mshenga wa kweli alipoulizwa habari za pombe alisema kijana hunywa kidogo siku za sikukuu, na baba akaninyooshea kidole kwamba wa kwanza alisema hajawahi kuonja. Kijana wa watu akanitazama vibaya sana. Aliyeokoa ni Editha.

"Baba, huyu ndiye ninayemfahamu. Na kunywa kwake nakufahamu."

Posa ikaendelea, mimi nikaonyeshwa mlango. Mimi na katekista tuliwakuta mahujaji wamepiga magoti matopeni wakiniombea (baadhi walishaanza kunitaja kama marehemu). Wakauliza kwa furaha nilikuwa wapi, nikamtazama katekista anisitiri.

"Alikuwa anaposa," akasema, akaendelea kutembea.

Uenyekiti nimeuacha. Hija bado naenda, na mvua ikinyesha nalowa kama wengine. Na siku hizi nikibisha hodi kwa mtu, hata kama nimekuja kuazima jembe, kabla sijavuka kizingiti nataja jina langu na la baba yangu, na kwamba sikuja kuoa wala kumwozesha mtu.